Taja Ishara Yako kwa Sauti

Msikilizaji, kila mwenye leseni ya redio ya ridhaa nchini Marekani ana ishara yake ya mwito. Ya kituo cha chama chao cha kitaifa, ARRL, ni W1AW. Ukiisikia hewani, unajua ni wao.

Kanuni ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iko wazi: itaje angalau mara moja kila dakika 10, na tena mazungumzo yanapokwisha.

Utata huanza mitambo miwili inapounganishwa. Redio ya dijitali ya DMR hutuma namba ya mtumiaji kimyakimya, pamoja na sauti yake. Mwenzake mwenye DMR huisoma kwenye kioo. Lakini daraja, yaani kiungo cha mitambo hiyo, likipeleka mazungumzo hadi kwenye ripita ya analojia ya FM, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, namba ile hubaki nyuma. Inayovuka ni sauti tu.

Wapo wanaodhani mashine imewasemea. Haijawasemea! Ripita hujitaja yenyewe, mara nyingi kwa milio ya Morse, ila hiyo ni ishara ya ripita, si ya mzungumzaji.

Kwa hiyo, ukishika kipaza sauti, subiri kidogo, maana viungo vya mitambo huchelewa kufunguka na hukata maneno ya mwanzo. Kisha taja ishara yako kwa mdomo, polepole, herufi kwa herufi. Irudie kabla dakika 10 hazijaisha. Irudie unapoaga. Nawe mwenye daraja, sikiliza upande wa FM uhakikishe kituo chako kinajitambulisha huko pia.