Seva Moja, Wapangaji Wanne

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Katika mkutano uliopita mliuliza swali la haki: kwa nini inunuliwe kompyuta ya gharama ilhali paa la zahanati linavuja? Paa lile lina fungu lake katika bajeti, na mpango huu hauligusi. Hata hivyo mnastahili kujua fedha hii inanunua nini.

Majalada ya maombi ya ardhi, nyaraka za vikao, barua zenu na orodha za vibali vimo katika kompyuta nne kuukuu, kila moja na kazi yake. Ikifa ile ya ardhi, mwenye mgogoro wa mpaka hana pa kuonyesha kuwa aliomba kwanza. Kununua nne mpya nako ni hasara, maana kila moja hukaa bure sehemu kubwa ya siku.

Dawa ya uvivu huo ni ya zamani. Katika miaka ya 1960, IBM ya Marekani iliigawa kompyuta moja kubwa ikafanya kazi kana kwamba ni nyingi. Ndivyo tunavyokusudia: seva moja, ndani yake mashine pepe nne. Ifananisheni na nyumba ya kupangisha. Kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake. Mmoja akiugua, jirani anaendelea na shughuli zake.

Hesabu yake ni hii. Seva itakuwa na kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 64. Ardhi tumeipa 16, nyaraka za vikao 8, masjala ya barua na vibali 8, chumba cha majaribio 8, na programu inayowasimamia wote 8. Jumla ni 48. Zilizobaki 16 ni za mpangaji ajaye. Prosesa wapangaji wanaweza kupokezana, kwani ni nadra wote kufanya kazi nzito kwa pamoja. Kumbukumbu ya kazi haivumilii kukopeshana kwa kiasi hicho, ndiyo maana hatukuibania.

Kwa usimamizi tumependekeza Proxmox, ambayo hutumika bila ada ya leseni. Msaada wa kulipia ni hiari. Mwaka 2023 Broadcom ilipoinunua VMware, uuzaji wa leseni za kudumu ulisitishwa, na wateja wakaelekezwa kwenye malipo ya kila kipindi. Ofisi ndogo kama yetu haina sababu ya kujifunga hivyo.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi. Nyumba moja ina paa moja: likiezuliwa, wote wanalowa. Diski zitakuwa mbili, zikiandika jambo lile lile, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Lakini karani akifuta jalada kwa bahati mbaya, litafutika kote kuwili. Kwa hiyo kila usiku nakala itapelekwa katika kifaa kilichomo jengo jingine, na kila wiki nakala nyingine, iliyofungwa kwa nywila, itahifadhiwa makao makuu ya Halmashauri. Taarifa hizo ni zenu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana tuzilinde. Umeme ukikatika, betri ya akiba itatoa dakika chache za kuwazima wapangaji kwanza, kisha seva yenyewe.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siiamini. Kila miezi mitatu jalada moja litarejeshwa katika chumba cha majaribio, na matokeo, mazuri au mabaya, yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata bila kutaja jina la mwananchi.

Limebaki suala la chumba. Kinachopendekezwa sasa kinahifadhi saruji, na vumbi lake litaiua seva mapema. Naomba mkutano huu uamue saruji ihamie wapi kabla zabuni haijatangazwa.