Saa Inapopotea Kichwani: Kuishi na Mtu Aliyepata Mtikisiko wa Ubongo



Majeruhi wa pikipiki anaporuhusiwa kutoka hospitalini akiwa anatembea mwenyewe na kuongea vizuri, jamaa humshukuru Mungu na kuona kuwa yamekwisha. Kwa wengi huwa yamekwisha kweli. Kwa baadhi, jambo ndiyo kwanza linaanza, na huanza nyumbani, siku ya tatu au ya nne, kwa swali dogo: "Hivi leo ni Jumanne?" Anajibiwa kuwa ni Alhamisi. Baada ya nusu saa anauliza tena, kama mtu ambaye hajauliza.

Hali hiyo ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinapogongwa, au mwili unaporushwa na kusimama ghafla, ubongo husukwasukwa na kazi zake huvurugika kwa muda. Si lazima fuvu lipasuke, wala si lazima mtu azirai. Picha ya CT, ambayo kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika, mara nyingi huonyesha kuwa hakuna kitu, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji, wala si umbo. Hapo ndipo dhuluma huanza. Jamaa waliosikia kuwa picha ni safi humwona mgonjwa kuwa mvivu au mlevi, na wengine huanza kunong'ona kuwa amerogwa.

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama vyanzo vya majeraha hayo vinafahamika. Barabara kuu itokayo Mwanza, ipitayo Bunda kuelekea Musoma na Sirari, hubeba malori, mabasi na bodaboda katika njia moja. Wapo wachimbaji wadogo wa Buhemba wanaoangukiwa na mawe, wavuvi wanaoteleza mitumbwini usiku, na watoto wanaoanguka kutoka juu ya miembe. Sheria inamtaka dereva wa pikipiki avae kofia ngumu. Inayoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu yeyote.

Usahaulifu wa mgonjwa huyo ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni pengo la tukio lenyewe: anakumbuka alipompakia abiria sokoni, kisha anakumbuka sauti ya muuguzi, na katikati hamna kitu. Pengo hilo laweza lisizibike kamwe, na kutozibika kwake si dalili mbaya. Shida huja anapotakiwa kueleza ajali ilivyotokea. Ndugu humsaidia kwa kumwambia walivyosikia, naye baada ya siku chache huyasimulia kama mambo aliyoyaona mwenyewe. Si uongo, kwa sababu ubongo hupenda kujaza nafasi tupu. Lakini katika maelezo ya polisi, jibu la haki kwa asiyekumbuka ni "sikumbuki", na lisichukuliwe kuwa ni ujanja wa kukwepa kosa. Walioshuhudia ndio waeleze.

Namna ya pili ndiyo inayovuruga maisha. Mambo mapya hayashiki. Mama anabandika maharage, anatoka nje kuanua nguo, na anarudi akidhani zimepita dakika tano, kumbe sufuria imekwisha kuungua. Akili hupima urefu wa muda kwa kuyafuatilia mambo yanayopita. Uangalifu unapokatikakatika, kipimo nacho hukatika: saa nzima huonekana fupi, na dakika kumi za kumsubiri mtu huwa kama asubuhi yote. Mpangilio nao hupotea. Anajua kwamba shemeji alikuja na kwamba mbuzi aliuzwa, ila hajui kipi kilitangulia.

Mtu wa namna hiyo huteswa na maneno ambayo wenzake huyatumia bila kufikiri. "Majuzi" ni lini? "Baadaye kidogo" ni muda gani? Ni heri kumwambia "Jumapili baada ya ibada" au "kabla ya watoto kutoka shule". Akiuliza jambo kwa mara ya tano, ajibiwe kama mara ya kwanza, kwa ufupi, pasipo kukumbushwa kuwa ameshajibiwa. Kumwambia ajitahidi kukumbuka hakusaidii. Ubongo uliochoka ukilazimishwa huchoka zaidi, na maumivu ya kichwa hurudi.

Kinachosaidia ni kuitoa kumbukumbu kichwani na kuiweka mahali inapoonekana. Daftari moja, wala si karatasi tano, likae mahali pamoja na kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Kila asubuhi juu ya ukurasa iandikwe siku na tarehe. Chini yake yaandikwe yaliyofanyika, kwa kufuata yalivyofanyika. Asiyejua kusoma anaweza kuhamisha mawe au vifuniko vya soda kutoka kopo moja kwenda jingine, kila jambo la siku linapokamilika. Alama za wakati zipo tayari vijijini: adhana, kengele ya shule, taarifa ya habari ya redio, na jua lenyewe, ambalo katika Mkoa wa Mara halibadili sana saa ya kuchomoza mwaka mzima.

Simu yenye kengele ni msaada mkubwa, ila ina mtego wake. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Simu huhesabu tangu usiku wa manane. Dawa ya saa 2:00 usiku, katika simu ni 20:00. Mtu mzima hufanya hesabu hiyo pasipo kujua kuwa anaihesabu, lakini aliyetikisika ubongo huikosea, na wapo wanaotega kengele ya dawa ikalia alfajiri. Basi mwenye afya ndiye aitege. Kadhalika, bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3 ifafanuliwe kwa saa zinazojulikana nyumbani, na tarehe ya kurudi kliniki iandikwe pamoja na jina la siku.

Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 2 hadi mwezi 1. Wachache huchukua miezi. Siku 1 au 2 za mwanzo ni za kupumzika, kisha shughuli nyepesi zirudi kidogo kidogo. Kumfungia mgonjwa chumbani wiki nzima hakumponyi. Pombe iachwe kabisa. Dawa za kutuliza maumivu atumie alizoelekezwa na mtaalamu. Aspirini asijinunulie, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuvuja. Na katika mkoa wenye malaria, kichwa kuuma na kizunguzungu visitibiwe kwa mazoea: apimwe malaria, na aliyempima aambiwe kuwa mgonjwa aligonga kichwa.

Jambo gumu kuliko yote ni kazi. Kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu kila jioni, na hesabu haijui mtikisiko. Hivyo hurudi barabarani siku ya nne, akiwa bado hawezi kukisia kasi ya lori linalomjia, na kisahani cha pili cha bahati huenda kisiwepo: pigo jingine kabla ubongo haujapona ni la hatari kubwa. Wenye pikipiki wanapaswa kuwapa wagonjwa muda, hata kwa kumweka dereva wa zamu. Vikundi vya vijana vilivyokopeshwa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri vina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa wanachama wanaweza kupokezana chombo na marejesho yasikwame. Mvuvi wa dagaa naye abaki nchi kavu walau mpaka giza la mwezi unaofuata. Mwanafunzi apunguziwe kazi, asiadhibiwe kwa kusahau.

Zipo dalili zisizosubiri daftari wala kengele: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usioamshika, degedege, mboni za macho zisizolingana, ulimi kuwa mzito, au upande mmoja wa mwili kulegea. Hizo zaweza kumaanisha kuwa damu inavuja ndani ya fuvu, na zinaweza kutokea saa nyingi baada ya ajali, usiku, wakati waliomleta wamekwisha kurudi makwao. Kwa hiyo siku ya kwanza asilale peke yake. Zikionekana, apelekwe mara moja katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, ambako ataandikiwa rufaa ikihitajika. Anayemsindikiza achukue lile daftari, kwa sababu daktari atauliza ajali ilitokea saa ngapi na alitapika mara ngapi, na mgonjwa hataweza kujibu.