Mpira wa Magongo: Ulinzi na Uchaguzi wa Wachezaji

(Maneno yaliyosemwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimepewa dakika kumi na tano niseme juu ya mpira wa magongo, kwa kuwa timu ya shule inachaguliwa mwezi huu. Nasema "magongo" kwa wingi, maana hapa Ngara na hata kule Biharamulo ukitaja gongo moja peke yake, watu hutazamana na kuuliza limepikwa wapi. Zamani zetu mtunza stoo alikataa kutia sahihi karatasi iliyoandikwa "gongo, 6" mpaka mwalimu alipokwenda mwenyewe kumwonyesha.

Hayo sita ndiyo yaliyokuwa magongo halisi. Mengine tuliyachonga kwa mti wa mpera, tukalipinda tawi likiwa bichi. Mpira wa mazoezi ulikuwa wa majani ya migomba uliokazwa kwa kamba. Uwanja ni huu huu wenye mteremko.

Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya magongo katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kila mtu anakumbuka medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, lakini timu ya magongo haisemwi sana. Nchi nyingi zenye nguvu katika mchezo huo hazikwenda kwa sababu ya mgomo, zikabaki timu sita kwa upande wa wanaume: India, Hispania, Urusi ya Kisovieti, Poland, Cuba na sisi. Mchezo wetu wa kwanza, tarehe 20 Julai, India walitufunga mabao 18 kwa 0. Mchezo wakati ule ulikuwa wa dakika 70. Pigeni hesabu: bao moja kwa kila dakika nne, au pungufu kidogo. Hispania wakatufunga 12, Urusi 11 nasi tukapata 2, Poland 9 nasi tukapata 1, Cuba 4. Tulipokutana na Cuba tena kutafuta nafasi ya tano, tulifungwa 4 kwa 1.

Sisemi haya kuwacheka. Wale ni Watanzania wenzetu waliosimama mpaka filimbi ya mwisho katika michezo sita, tena juu ya nyasi bandia, na nchi iliyowafunga 18 ndiyo iliyochukua medali ya dhahabu. Nataka mtazame jambo moja tu. India hao hao walipocheza na Poland walitoka 2 kwa 2, na walipocheza na Hispania katika makundi wakatoka 2 kwa 2 vile vile. Washambuliaji walikuwa ni wale wale. Waliobadilika ni mabeki waliosimama mbele yao.

Sasa, vijana, sikilizeni namna ulinzi wa magongo unavyokwenda, maana si sawa na kandanda. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji aupige au auguse mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Kwa hiyo kazi ya beki si kuzuia goli, bali ni kuzuia nusu duara. Akiisha kuingia humo umechelewa, maana ukimfanyia kosa anapewa kona fupi, na hapo mnabaki watano tu na mlinda mlango wenu akiwa mmoja wao, wengine wote wamepelekwa katikati ya uwanja.

La pili: magongo yote ni ya mkono wa kulia, na upande unaoruhusiwa kupiga ni ule bapa. Beki ana nguvu upande wake wa kulia, na ni dhaifu kushoto, ambako hana budi kuligeuza gongo. Winga wa kulia wa adui ndiye anayekuja upande huo dhaifu. Basi beki wa kushoto ndiye awe na miguu myepesi kuliko wote timuni. Azunguke mapema na kumsukuma yule winga nje kwenye mstari, asimkimbilie kwa pupa. Mguu ukigusa mpira ni kosa, isipokuwa kwa mlinda mlango.

Haya nimeyajua kwa gharama. Nilipokuwa kapteni, mwalimu alinipa daftari akasema, "Andika majina kumi na sita, mimi nitatia sahihi." Nikaanza na washambuliaji watano, kama kapteni yeyote apendaye kushangiliwa. Nilipofika kwa beki wa kushoto palikuwa na wavulana wawili. Mmoja alikuwa jirani yangu wa kitanda, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Wa pili alikuwa mtoto wa kijiji cha mpakani mwa Burundi, hasemi, anacheza peku, na katika mazoezi ya wiki tatu sikumwona hata mara moja akipitwa upande wa kushoto. Nikamwandika jirani yangu. Yule wa pili sikumweka hata katika akiba, kwa kuwa nilihitaji nafasi ya mshambuliaji wa sita.

Tukapanda lori, tukapita Nyakahura na Lusahunga, tukafika Biharamulo tumekuwa wekundu kwa vumbi. Tukafungwa sita bila. Manne yalitoka upande wa kushoto. Mpaka leo nikiliona boma la Wajerumani pale Biharamulo nasikia aibu.

Waliporudi wenzangu walimlaumu mlinda mlango. Mimi nilijua, nikanyamaza. Yule kijana naye hakuniuliza neno. Alimaliza shule hakucheza hata mchezo mmoja wa nje. Leo yupo humu ndani, safu ya tatu, na sitamtaja jina kwa sababu hapendi. Nilimwomba radhi asubuhi hii tulipokuwa tunakunywa chai. Akaniambia alikwishasahau. Sikumwamini.

Najua wapo watakaonijibu kwa mfano wa wanawake wa Zimbabwe, ambao huko huko Moscow, mwaka ule ule, walichukua dhahabu na timu iliyochaguliwa siku chache tu kabla ya safari. Ni kweli. Lakini wale walikuwa wamezoea mchezo huo miaka mingi nyumbani, na katika michezo mitano walifungwa mabao 4 tu. Hata kwa haraka ile, hawakuusahau mlango wao. Na jirani zetu wa Kenya, waliopata nafasi ya nne katika Kombe la Dunia mwaka 1971 kule Barcelona, wenyeji waliwatoa katika nusu fainali kwa bao moja tu, na India wakawashinda 2 kwa 1 baada ya muda kuongezwa. Kapteni wao wa miaka mingi, Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne, alikuwa beki.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia kwamba baadhi yetu tuliochanga fedha za vifaa tumeanza kumnong'oneza mwalimu wa michezo majina ya watoto wetu. Naomba tuache. Mimi mwenyewe ninaye mtoto kidato cha tatu, anacheza winga, na nimemwambia mwalimu kwamba sitakuja uwanjani siku ya uchaguzi.

Pendekezo langu ni kwamba mwalimu aanze daftari kutoka chini: mlinda mlango kwanza na mwingine wa akiba, kisha beki wa kushoto, wa kulia, viungo watatu, halafu ndipo aje kwa wafungaji. Wavulana wa kidato cha pili wasiachwe kwa udogo wao, maana watakuwapo mwakani. Wachezao peku wapewe viatu kabla ya mazoezi, si baada ya kuchaguliwa. Jozi nane ziko ofisini kwa mwalimu, pamoja na magongo kumi na manne na pedi za miguu za mlinda mlango. Kofia yake ya chuma bado haijafika, na mpaka ifike asikae golini mtu yeyote wakati wa kona fupi.

Mazoezi yanaanza Jumamosi saa kumi alasiri.