Tusingoje Hakika: Ombi la Mfuko wa Dharura za Usiku

(Maneno ya mjumbe wa kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka)

  

Mmezoea kuniona nikisimama hapa na taarifa ya mapato na matumizi. Leo nimekuja na hesabu ya saa. Naomba radhi kwa wazee na akina mama, kwa sababu nitataja sehemu za siri. Nilijaribu kuandika bila kuzitaja, nikaona ndiyo aibu ile ile inayotuumizia watoto.

Mwaka huu, kijana wa familia yetu mwenye miaka 11 alishikwa na maumivu makali ya korodani hapa Chanika. Wazazi wake wameniruhusu kusimulia. Maumivu yalianza saa 2:30 usiku. Alinyamaza kwa aibu mpaka saa 3:30, ndipo akamwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma. Mama alipoona mtoto anatapika na anatembea amepanua miguu, alimbana mpaka akasema ukweli.

Dereva wa teksi alitaka shilingi 70,000 mkononi kabla ya kuwasha gari. Ndani kulikuwa na 15,000. Walinipigia simu mara sita. Mimi nilikuwa Sinza nimelala, simu nimeizima sauti. Walizunguka kwa majirani, gari likaondoka saa 5:00. Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Tazara, wakafika hospitali mjini saa 6:00. Daktari akampima, fomu zikajazwa, mtoto akaingia chumba cha upasuaji saa 7:30 usiku.

Jumla ni saa tano. Aibu ilikula saa moja, barabara saa moja, hospitali saa moja na nusu. Kutafuta nauli kulikula saa moja na nusu nyingine.

Kwa nini nahesabu hivi? Korodani inaning'inia kwenye mshipa kama ndoo kwenye kamba. Kwa baadhi ya wavulana haikushikizwa vizuri ndani tangu kuzaliwa, hivyo inaweza kujizungusha, kamba ikajisokota na damu ikakatika. Inaweza kutokea mtoto akiwa anacheza mpira, au amelala usingizi. Huwapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa hata kichanga anaweza kupatwa. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi inapona. Baada ya saa 24, ni chache zinazopona. Daktari huisokotoa, na ikiwa bado hai huishona mahali pake isizunguke tena, kisha huishona na ya pili.

Usiku ule daktari aliwaambia wazazi: "Nashuku korodani imejisokota. Sina hakika. Nikingoja hakika, nitakuwa nimechelewa." Baba mtu kalamu ilimtetemeka. Akauliza, "Na mkimpasua mkakuta sivyo?" Daktari akamjibu kuwa hilo ndilo analoliombea.

Walipofungua wakakuta sivyo. Korodani zote mbili zilikuwa nzima. Kilichojisokota ni kinyama kidogo kinachoota juu ya korodani, ambacho hakina kazi, lakini maumivu yake yanafanana sana na ya ule ugonjwa wenyewe. Wakakiondoa. Mtoto yupo shuleni, anacheza mpira.

Nyumbani maneno yakaanza. Mzee mmoja, namheshimu sana, alisema pesa zimeliwa bure na mtoto ametiwa kisu bure. Mimi ni mhasibu, nikaombwa nitoe hukumu. Nilishindwa kumjibu siku ile. Namjibu leo, mbele yenu.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 14, darasa la sita, hapa hapa Chanika. Maumivu yaliniamsha alfajiri. Nilimwambia bibi kuwa ni tumbo. Bibi, Mungu amrehemu, alidhani ni chango, akanichemshia mizizi. Siku ya pili uvimbe ukaonekana, mjomba akasema ni ngiri, mwingine akasema busha. Siku ya tatu nikapandishwa basi kwenda mjini. Daktari alikuta korodani imekufa. Akaitoa.

Simlaumu bibi. Alichemsha alichokijua, na mimi ndiye niliyemwambia ni tumbo. Kwa miaka zaidi ya 30 jambo hili alilijua mke wangu tu. Nina watoto watatu, kwa hiyo korodani moja inatosha, na kijana aliyepoteza moja asidhani amepoteza uanaume. Lakini sikupaswa kuipoteza.

Sasa mzee wangu, weka usiku hizo mbili kwenye mizani. Mtoto wetu alifunguliwa ikakutwa salama, akabaki na kovu dogo. Mimi tulingoja mpaka kila mtu akawa na hakika, na hakika ilipokuja haikuwa na cha kuokoa. Ile pesa haikuliwa. Ni kama bima ya gari ambalo halikupata ajali. Hakuna anayesikitika kuwa gari lake ni zima.

Wazazi, tukumbuke machache. Busha huja polepole, kwa kawaida bila maumivu makali. Maumivu ya ghafla ya korodani ni dharura, hata saa nane za usiku. Kijana akisema tumbo la chini linamuuma huku anatapika, muulize na huko chini. Msimkande, msimchemshie dawa, msingoje kukuche. Mpelekeni penye daktari wa upasuaji, na mpige simu kwanza kuuliza kama yupo.

Ndugu zangu, Serikali imetuwekea namba 115 ya mpango wa M-mama, inayowasaidia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka 11 hayumo. Pengo hilo tunaweza kuliziba wenyewe.

Kamati inaomba tuchangie shilingi milioni 6 za Mfuko wa Dharura za Usiku. Watunzaji watakuwa watatu, wote wakazi wa hapa, na simu zao zitakuwa wazi usiku kucha. Anayebisha hodi na mgonjwa wa dharura apewe nauli hapo hapo, kisha risiti zifuate. Kila shilingi itasomwa kwenye mkutano wa robo mwaka.

Kanuni moja naiomba iandikwe kwa herufi kubwa: familia ikishuku, inatosha. Na daktari akikuta sivyo, asidaiwe mtu, tumshukuru Mungu.

Mimi naanza na 300,000. Na simu yangu, tangu usiku ule, haizimwi sauti.