Sauti Bila Mtu

Masomo: 2 Samweli 12:15-24, Yoane 11:32-36, 1 Watesalonika 4:13-18



Kuna filme ya mfululizo ya Uingereza iitwayo Black Mirror, ni kusema Kioo Cheusi. Inasimulia mambo ya kubuni juu ya mashine za siku zijazo. Vijana wetu wanapitishiana kwa telefone, na wengine walituuliza kama ni dhambi kuiangalia. Basi tuliketi tukaangalia sehemu moja iliyotoka mwaka 2013, iitwayo Be Right Back, maana yake “narudi sasa hivi”. Ilipokwisha hatukubishana. Tulinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amemkumbuka mtu wake.

Martha anaishi na mwenzi wake Ash. Siku moja Ash anakwenda kurudisha gari walilokodi, na harudi tena: amekufa njiani. Siku ya maziko, rafiki anamwambia Martha kuna programu inayokusanya maneno yote ambayo marehemu aliyaandika kwenye intaneti, kisha inajibu kama yeye. Martha anakasirika. Lakini anapojua ana mimba, anaijaribu. Anaandika, inajibu. Anaipa video za Ash, inaanza kuongea naye kwa sauti yake. Mwishowe analetewa mwili uliotengenezwa, wenye sura ya Ash kabisa.

Mwili ule hauli wala haulali. Tena unatii kila neno. Hapo ndipo Martha anaumia, kwa sababu Ash wa kweli angekataa na angebishana. Anaupeleka kwenye ukingo wa mwamba, anauambia uruke, nao uko tayari kuruka. Anapoulalamikia kwamba Ash angeogopa na kulia, ndipo unaanza kulia. Machozi nayo yameagizwa! Miaka inapita, na mwili ule umefichwa katika chumba cha juu, chini ya paa. Haukuzikwa, wala hauishi.

Wandugu, tusicheke. Sisi nasi tuna sauti za wafu ndani ya telefone zetu. Kuna mama anayesikiliza usiku ujumbe wa mwisho wa mtoto wake. Hatumhukumu. Kukumbuka si dhambi. Bwana wetu alimlilia Lazaro, hata kama alijua atamfufua. Lakini kukumbuka ni jambo moja, na kumuuliza mfu ni jambo lingine. Torati ilikataza kutafuta shauri kwa wafu, na mfalme Sauli aliyekwenda Endori hakurudi na faraja. Kwa hiyo, kama mtu anakuambia marehemu amemtuma kwako, naye anaomba pesa, ujue huyo si mtumishi wa Mungu.

Tumwangalie Daudi. Mtoto alipokuwa mgonjwa, alifunga, akalala chini, akamlilia Mungu siku saba. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, akaabudu, kisha akala. Alisema yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatamrudia. Hakusahau, alikubali. Halafu alikwenda kumfariji Bathsheba.

Hapa neno linatugeukia sisi kanisa. Martha alipokuwa akiongea na ile sauti, dada yake alimpigia simu, naye hakupokea. Kwetu mara nyingi ni kinyume: mjane anangoja simu, na hakuna anayepiga. Siku za kilio tunajaa uani, tunaimba, tunapika. Kisha viti vinarudishwa, turubai linafunguliwa, nasi tunakwenda. Mwezi wa pili nani anamuuliza mama yule kama amekula? Tukimwacha peke yake, atatafuta chochote kinachomjibu. Mashine hujibu. Mganga hujibu. Pombe nayo hujibu kwa namna yake. Tunaungama kwamba sisi tumechelewa.

Basi juma hili kila kikundi cha maombi kitafute nyumba moja iliyopatwa na msiba zaidi ya miezi mitatu iliyopita. Tusiende na hotuba. Tukae, tusikilize, tukubali jina la marehemu litajwe, na mtu akilia tusimkataze.

Paulo hakuwakataza Watesalonika kulia. Alitaka wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Tumaini letu si mfano wa mtu uliookotwa katika maneno yake ya zamani. Ni mtu mwenyewe, anayeitwa kwa jina na Yeye aliyemuumba. Filme ile inaitwa “narudi sasa hivi”, lakini Ash hakurudi. Ni Mmoja tu aliyekufa, akafufuka, na mwenye haki ya kuahidi kwamba anarudi. Huyo tunamngoja.

Tuombe: Ee Bwana, wafariji wanaolia usiku huu, na utupe miguu ya kuwafikia. Katika jina la Yesu. Amina.