Kitabu kilichochukua miaka 28 kufika nyumbani

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala, nimesimama, namdai kondakta chenji yangu. Abiria mmoja akaitambua sauti. "Kumbe ndiye wewe!" akasema. "Kila juma unatueleza bei ya unga, foleni na mitaro iliyoziba. Bwana, wewe huna hata siku ya kusoma kitabu ukaburudika?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Basi leo bei ya unga ipumzike. Nitakueleza nilichotazama, nilichosikiliza na nilichosoma miezi hii ya karibuni. Sikupanga, lakini vyote vitatu asili yake ni Unguja.

Naanza na sinema, maana maneno yake si mengi. Ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 huko Toronto, Kanada. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo waliopitia kidato cha tano na cha sita wanaikumbuka kwa jasho la mtihani. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anaikimbia ndoa hiyo, na maisha yake yanaungana na ya Denge, kijana anayewindwa na makachero wa serikali ya kikoloni. Picha zake zinapendeza mno. Hata hivyo, nakiri kwamba niliyakosa maneno. Kitabuni watu wa Adam Shafi wanataniana na kupigana vijembe ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye sinema mara nyingi wanatazamana tu. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema huo ndio usanii. Haya.

Upande wa kusikiliza, nimerudi kwa Siti binti Saad, na santuri zake za zamani ambazo sasa mtu unaweza kuzisikia hata kwenye simu. Mwanamke huyu wa Fumba, mtoto wa familia ya watumwa, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sauti inakuja na mikwaruzo kama mvua juu ya bati, lakini sikiliza maneno. Kuna wimbo wake juu ya kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Bara. Mtuhumiwa alitoroka, mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Ile ni habari, ndugu yangu! Ina tukio, ina mahakama, ina lawama kwa wakubwa, tena imetangazwa pasipo kituo cha redio. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka mmoja tu ulimtenga na kipaza sauti chetu, na kila nikiketi studio nikikumbuka hilo, naona uchungu.

Sasa kitabu, na hapa lazima niungame. Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba, 2021, habari zilipoingia kwamba Abdulrazak Gurnah ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliandika taarifa ya dakika mbili juu ya Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1948, akaondoka kijana mdogo kwenda Uingereza, na huko akawa mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu. Niliisoma kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Sikuwa nimesoma hata ukurasa wake mmoja. Mwenzangu akauliza kama kuna kitabu chake cha Kiswahili tuwasomee wasikilizaji kipande. Tukatazamana.

Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Nimekisoma mwaka huu, na nimekisoma kwa sauti, kwa sababu mama yangu macho yamechoka naye anapenda hadithi. Kimombo nisingeweza kumsomea.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake, mwenye hoteli ndogo, amezama katika deni la tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumhesabu kuwa ni jamaa yao. Siku moja Yusuf anapandishwa garimoshi pamoja na tajiri huyo, akidhani anakwenda matembezi. Anafikishwa pwani, anawekwa dukani, na huko kijana mwenzake, Khalil, ndiye anayemfumbua macho: yule si jamaa yako, na wewe upo hapa kwa sababu ya deni la baba yako.

Nilipofika hapo mama akanigusa mkono. "Hata kwetu alikuwepo," akasema.

Katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia habari hiyo. Nyumbani kwa babu, Pangani, aliishi mvulana waliyemwita kaka. Alichota maji, alilala barazani, sikukuu alishonewa kanzu kama wenzake. "Nilijua ni ndugu yetu," mama akasema, "mpaka baba alipofariki. Siku ya kugawa urithi tuliitwa wote. Yeye hakuitwa. Alikuwa nje anapasua kuni." Alikuwa wa nani, aliletwa kwa deni gani, na baadaye alikwenda wapi, mama hajui. Waliokuwa wakijua wamekwisha kufa.

Jioni ile hakutaka niendelee. Nikafunga kitabu nikaenda kulala. Kesho yake, baada ya magharibi, nikamkuta ameketi mkekani, taa ameiwasha mwenyewe, ananiuliza nimekiweka wapi. Tumebakiza kurasa kama thelathini hivi. Mwisho wake naujua, ila sijamwambia.