Mushauri na Muganga wa Mawazo

Wakati tunangoja kupima watoto, tuzungumuze juu ya watu wawili wenye kusaidia kwa maneno tu, bila sindano.

Wa kwanza ni mushauri. Anafanana na kocha wa mupira. Mama anataka kuanza kuuza makala, ao kuingia mu likelemba bila kugombana na bwana. Mushauri anamuuliza: Unataka kufika wapi? Una franga ngapi? Utaanza na nini juma hili? Mama mwenyewe njo anachagua njia. Kazi yao inatazama kesho.

Lakini muchezaji wa DC Virunga akivunjika muguu, kocha hamuambie "kimbia!" Anamupeleka hospitali. Kuko mama mwenye, tangu volkano ya Mei 22, 2021, ao tangu masasi ya Januari 2025, hapate usingizi. Mulango ukigonga, moyo unaruka. Anatazama mutoto wake kama wa mutu mwingine. Huyu kumuambia "jikaze, fanya mipango" ni kumukimbiza na muguu uliovunjika. (Na sisi watu wa kanisa tunapenda sana ile neno, jikaze.) Anahitaji muganga wa mawazo, ule wanaita psikologe. Yeye amejifunza kurudi na mutu polepole mpaka mahali kidonda kilianzia, na kupima pamoja naye mawazo yenye kumushitaki: "Ni kosa langu, sina maana tena."

Je, hii inasaidia kweli? Huku Mashariki ya Kongo, wanawake 405 waliotendewa jeuri walifuatwa; matokeo yalitangazwa mwaka wa 2013. 248 walipewa mutu wa kuwasikiliza na kuwasaidia. 157 walipewa matunzo ya mawazo, mikutano 12, karibu yote mu kikundi. Kisha miezi 6, kati ya wale wa kwanza, 42 juu ya 100 walikuwa wangali na dalili za huzuni kubwa ao woga. Kati ya wale wa pili, 9 tu juu ya 100.

Na maombi? Tuombe, wamama. Mwenye malaria pia tunamuombea, na dawa anameza.

Kama usingizi umekukimbia majuma mawili, si lazima useme mbele ya watu wote. Ukifika kwa muuguzi, muambie polepole: "Mama, niko na neno la pembeni." Na kama wazo la kufa linakuja, usingoje siku ya kiliniki. Kuja leo, hata usiku, na mutoto mugongoni.